AMANA YA MTEJA: MAJALADA YA MAWAKILI YANAPOHAMA KUTOKA KABATINI KWENDA KWENYE KOMPYUTA

Ukurasa huu umezoeleka kwa matangazo ya zabuni, nafasi za kazi na taratibu za Serikali. Safari hii unatoa maelezo ya jambo ambalo watumishi na wakaazi wa Unguja na Pemba wamekuwa wakiliuliza, hasa wale wenye mashauri, mirathi au mali upande wa Dar es Salaam. Mtu hupokea ujumbe kutoka kwa wakili wake kwamba majalada ya ofisi "yamehamishiwa kwenye kompyuta". Huuliza: maana yake ni nini? Karatasi zangu zimekwenda wapi? Je, zikihitajika Mahkamani zitapatikana?

Maswali hayo ni ya haki, na yanastahili jibu la wazi. Karatasi ya mteja iliyo mikononi mwa wakili ni amana. Anayeihamisha kutoka kabatini kwenda kwenye kompyuta anahamisha amana, na amana haihamishwi bila ya orodha, bila ya shahidi, wala bila ya mwenyewe kujua. Ofisi iliyoufuata utaratibu huo imepata chombo bora kuliko kabati. Ofisi isiyoufuata imelipoteza kabati na haijapata kitu badala yake. Maelezo yanayofuata yanaeleza utaratibu huo na wajibu wa kila upande.

KWA NINI MAGOMENI

Magomeni inayozungumzwa hapa ni ile ya Dar es Salaam, katika Manispaa ya Kinondoni, na isichanganywe na Magomeni yetu ya Mjini Unguja. Ni mahali ambapo Barabara ya Morogoro na Barabara ya Kawawa zinakutana. Ipo Mahkama ya Mwanzo, na ng'ambo ya bonde la Msimbazi ipo Jangwani na kisha Kariakoo, penye maduka na maghala ya wafanyabiashara wengi, wakiwemo ndugu zetu waliotoka visiwani.

Ofisi za uwakili za sehemu kama hizo aghalabu ni ndogo. Chumba kimoja au viwili juu ya duka, wakili mmoja au wawili, karani, tarishi, na kabati la chuma lililojaa majalada yaliyofungwa kwa kamba. Mashauri yao ni ya watu wa kawaida: mirathi ya nyumba, deni la mzigo, mkataba wa pango, talaka na matunzo ya watoto. Tunaitaja Magomeni kwa sababu ofisi kubwa za katikati ya mji zina mafundi na bajeti, lakini ofisi ndogo ndizo zinazoshika karatasi za watu wengi wasio na nakala nyingine popote.

Karatasi hizo zinaishi katika hatari. Mwezi wa Disemba 2011 mvua kubwa zilileta mafuriko Dar es Salaam, Msimbazi ukafurika, na watu wasiopungua 40 wakafariki dunia. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapo hapo Kariakoo na kuua watu. Roho za watu ndizo za kwanza kulilia. Lakini baada ya msiba hufuata hesabu: nani alikuwa anamdai nani, nani mpangaji, nani mrithi. Hapo ndipo karatasi hutafutwa.

Magomeni yenyewe ina mfano mwingine ulio wazi. Wakaazi wa nyumba za zamani za Magomeni Kota waliondolewa, na nyumba zikabomolewa. Mwaka 2022, baada ya majengo mapya ya ghorofa kukamilika na kuzinduliwa, kaya 644 za wakaazi hao wa zamani ndizo zilizotajwa kuwa wenye haki ya kurejea. Ukuta wa nyumba ulikwishaondoka miaka mingi nyuma. Kilichobaki ni idadi na majina yaliyoandikwa. Mtu anayedhani kuwa kumbukumbu ni kazi ya makarani tu na atafakari hilo.

SHERIA IMEFIKA WAPI

Wapo wanaodhani kuwa kitu kilichoandikwa katika kompyuta hakikubaliki Mahkamani. Dhana hiyo imepitwa na wakati, ingawa ilikuwa na msingi wake. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania Bara, Sura ya 6, ilitungwa mwaka 1967, na msingi wake ni kwamba waraka huthibitishwa kwa kuleta waraka wenyewe.

Mlango ulianza kufunguliwa katika Mahkama Kuu, Divisheni ya Biashara, iliyoanzishwa mwaka 1999. Katika shauri la Biashara Namba 4 la mwaka 2000, baina ya Trust Bank Tanzania Limited na Le-Marsh Enterprises Limited na wenzake, Jaji Nsekela aliamua kuwa karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta ya benki inaweza kuhesabiwa kuwa ni sehemu ya vitabu vya benki kwa ajili ya ushahidi. Mwaka 2007 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ushahidi ili kutambua ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Namba 13, ambayo inasema kuwa taarifa haikataliwi kwa sababu tu imo katika umbo la kielektroniki.

Hata hivyo, inafaa ieleweke vyema kwamba kukubaliwa ni jambo moja na kuaminiwa ni jambo jingine. Sheria hiyo ya 2015 inaitaka Mahkama, inapopima uzito wa taarifa hiyo, iangalie namna ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyosafirishwa, namna ilivyolindwa isibadilishwe, na namna mwenye kuituma alivyotambuliwa. Kwa maneno mengine, Mahkama itauliza: nani aliyeitia karatasi hii kwenye mashine, lini, na tangu siku hiyo nani aliyeigusa? Ofisi isiyoweza kujibu maswali hayo ina picha tu, haina ushahidi.

Kwa upande wa kufungua mashauri, mwaka 2018 zilitoka Kanuni za Uwasilishaji wa Nyaraka kwa Njia ya Kielektroniki, Tangazo la Serikali Namba 148. Mwaka 2021 zikatoka kanuni za kusikiliza mashauri kwa njia ya mtandao. Mwishoni mwa mwaka 2023 Mahkama ya Tanzania ikaanza kutumia mfumo mpya wa kuratibu mashauri, unaojulikana kwa kifupi e-CMS. Jirani zetu wamekwenda njia hiyo hiyo: Kenya ilianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020 na kuueneza utaratibu huo nchi nzima mwezi wa Machi 2024.

Kwa hiyo wakili wa leo hana hiari kamili katika jambo hili. Mahkama imekwishahama, na ofisi yake hapana budi ihame pia.

ORODHA KABLA YA MASHINE

Kosa la kwanza la ofisi nyingi ni kununua skana kabla ya kuandika orodha. Hapa mwandishi anaomba ruhusa ya kusimulia jambo moja. Katika mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998, zile zilizoitwa El Nino, dari ya ofisi moja niliyopata kuifanyia kazi ilivuja usiku kucha juu ya kabati la majalada. Asubuhi tulikuta karatasi zimegandana kama mkate wa kumimina. Kilichosalimika ni rejista, daftari kubwa lenye jalada ngumu, kwa kuwa karani wetu mzee alikuwa na desturi ya kulifungia mezani mwake. Kwa daftari lile tuliweza kujua ni majalada gani yaliyoharibika, ya akina nani, na kila mmoja tukamwandikia atuletee nakala alizonazo. Lau lingepotea na daftari, tusingejua hata tulichokipoteza.

Kompyuta haikuibadilisha kanuni hiyo. Kabla ya ukurasa wa kwanza kuingizwa kwenye mashine, kila jalada liandikwe katika rejista: namba yake, jina la mteja, aina ya shauri, Mahkama na namba ya shauri kama ipo, idadi ya kurasa, na hati halisi zilizomo. Kazi hiyo inachosha, na haina fahari. Lakini ndiyo nusu ya kazi yote.

HATUA ZA KUHAMISHA

Baada ya orodha, utaratibu unaofaa kwa ofisi ndogo ni huu ufuatao.

(a) Kutenganisha. Majalada yagawiwe mafungu matatu: mashauri yanayoendelea, mashauri yaliyokwisha, na hati halisi. Fungu la tatu ni pamoja na hati za kumiliki ardhi, leseni za makazi, wosia, vyeti vya ndoa na vya vifo, mikataba yenye saini za wino, hundi na viapo vyenye muhuri. Hati hizi hupigwa nakala ya kielektroniki kama nyenginezo, lakini karatasi yenyewe haiharibiwi kamwe. Ama irudishwe kwa mwenyewe kwa saini, ama ifungiwe mahali pasipofikiwa na maji wala moto.

(b) Kuamua siku ya kuanzia. Ofisi itangaze tarehe moja, na tangu siku hiyo kila shauri jipya lifunguliwe katika kompyuta. Mashauri yanayoendelea yafuate, moja baada ya jingine, kila linapokaribia kutajwa Mahkamani. Yaliyokwisha yasubiri zamu yake. Ofisi inayojaribu kuhamisha kila kitu kwa mwezi mmoja huishia na nusu ya majalada kabatini na nusu kwenye mashine, na hakuna anayejua lipi liko wapi.

(c) Kunakili. Ukubwa wa nukta 300 kwa inchi unatosha kwa karatasi za kawaida. Pande zote mbili zinakiliwe, kwa sababu katika hati za ardhi na hundi, nyuma ya karatasi ndipo penye mihuri na saini za uhamisho. Karani akimaliza ahesabu kurasa katika kompyuta na kuzilinganisha na idadi iliyomo kwenye rejista. Mtu wa pili, asiyekuwa yeye, afungue na kuhakikisha kuwa zinasomeka, kisha wote wawili waandike majina yao na tarehe. Hapo ndipo maswali ya Mahkama tuliyoyataja yanapopata majibu.

(d) Kuzipa majina. Waraka usiitwe "Skani 0047" wala "Barua mpya ya mwisho kabisa". Jina lianze na namba ya jalada, lifuate aina ya waraka, kisha tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku. Kwa mfano: 2019-014, Kiapo, 2019-03-07. Kwa mpangilio huo mashine yenyewe huzipanga nyaraka kwa zamu zake.

(e) Kuzifanya zitafutike. Zipo programu zinazosoma herufi zilizochapwa na kuwezesha neno moja kutafutwa katika kurasa elfu. Faida yake ni kubwa. Lakini programu hizo hutatizika mbele ya nakala za kaboni zilizofifia, maandishi ya mkono, na hati za zamani za Pwani zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika mirathi za kwetu hati za namna hiyo si chache. Kila moja iandikiwe maelezo mafupi na mtu anayeisoma: ni ya nini, ya tarehe gani ya Hijria na ya Miladi, na nani waliotajwa ndani yake.

(f) Kuweka akiba. Nakala ziwe tatu: moja ya kufanyia kazi, ya pili katika diski ya nje iliyofungiwa, na ya tatu mbali na jengo la ofisi. Nakala ya pili ikiwekwa juu ya kompyuta ile ile, moto mmoja huzichukua zote mbili. Na kila baada ya miezi michache ofisi ijaribu kuirejesha nakala ya akiba, kwani akiba isiyowahi kujaribiwa haitegemewi.

(g) Kutokuharakisha kuteketeza. Kwa Sheria ya Ukomo ya Tanzania Bara, Sura ya 89, madai ya mkataba yana muda wa miaka 6 na madai ya kurejeshewa ardhi yana miaka 12. Shauri linaloonekana limekufa linaweza kuamka. Karatasi za kawaida za shauri lililokwisha zisiteketezwe kabla ya muda unaohusika kupita, kabla ya mteja kuarifiwa, na kabla ya orodha ya yanayoteketezwa kutiwa saini.

SAA SITA YA USIKU

Faida inayosifiwa zaidi ya utaratibu mpya ni muda. Zamani tarishi alitoka Magomeni na bahasha, akapambana na foleni ya Barabara ya Morogoro, akafika na kukuta dirisha la masjala limefungwa. Kanuni za mwaka 2018 ziliweka kwamba waraka uliowasilishwa katika mfumo kabla ya saa sita ya usiku, kwa saa za Afrika Mashariki, unahesabiwa umewasilishwa siku ile ile.

Ruhusa hiyo imewaponza baadhi ya watu. Mtu huacha kazi mpaka saa tano usiku ya siku ya mwisho, kisha umeme ukakatika au mtandao ukalala. Tena ada ya Mahkama hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ambayo wengi huiita kontroo namba, na yamewahi kuzuka mabishano Mahkamani iwapo waraka unahesabiwa tangu ulipotumwa au tangu ada ilipolipwa. Mteja aliyechelewesha ada kwa siku mbili akidhani hesabu imekwishasimama anaweza kujitia katika mgogoro asioutarajia.

Kanuni hizo hazikuwaacha watu bila ya msaada. Aliyepitwa na muda kwa hitilafu ya mitambo aliruhusiwa kuomba kwa Msajili au Hakimu Mfawidhi, bila ya utaratibu mrefu, kabla ya saa tisa ya alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Muda huo ni mfupi mno. Ofisi inayojua kazi yake huweka ushahidi wa hitilafu papo hapo: picha ya kioo cha kompyuta yenye saa, na ujumbe wa kosa uliotolewa na mfumo. Na hitilafu si jambo la kubuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, za EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukazorota Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo wakili aliyewasilisha mapema alilala. Aliyengojea saa za mwisho alikesha.

HATARI MPYA

Kabati lina kufuli moja, na mwizi hubeba anachoweza kukibeba. Kompyuta ina milango mingi, na mwizi huweza kubeba yote bila ya kuonekana. Mwaka 2016 nyaraka milioni 11.5 za ofisi ya sheria ya Mossack Fonseca, nchini Panama, zilivuja na kusambaa duniani. Mwezi wa Juni 2017 DLA Piper, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za mawakili ulimwenguni, iliambukizwa virusi vya kompyuta, na kwa siku kadhaa simu na barua pepe zake hazikufanya kazi. Ikiwa wakubwa hao walifikwa, mdogo wa Magomeni asijione salama kwa udogo wake.

Hatari ya kwetu, hata hivyo, mara nyingi haitoki mbali hivyo. Inatoka ghorofa ya chini, kwenye duka la steshenari. Ofisi isiyo na skana humtuma karani na wosia au mkataba wa mteja. Kijana wa dukani huunakili, huutuma kwa WhatsApp au huutia kwenye flashi, kisha huhudumia mtu mwengine. Waraka unabaki kwenye kompyuta ya duka, wazi, pamoja na vitambulisho na wasifu wa watu mia. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini siri ya mteja imekwishatoka nje ya mikono ya wakili.

Mlango mwengine ni neno la siri linalotumiwa na ofisi nzima na lililobandikwa ukutani. Karani anapoacha kazi huondoka nalo. Kila mtu awe na lake, na siku anayoondoka lifungwe. Simu binafsi za wafanyakazi zisiwe ghala la nyaraka za wateja.

Jambo hili sasa lina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa mwezi wa Aprili 2024. Mwenye kukusanya na kuhifadhi taarifa za watu anatakiwa kuzilinda na kuzitumia kwa kusudi lililokusudiwa. Kwa wakili hilo linaongeza nguvu juu ya wajibu wake wa siku zote wa kutunza siri ya mteja.

Kwa ofisi zisizo na uwezo, lipo funzo kutoka Singapore. Nchi hiyo ilianza majaribio ya kuwasilisha mashauri kwa njia ya kielektroniki mwaka 1997, na ilipoulazimisha utaratibu huo mwaka 2000 iliweka vituo maalumu ambapo ofisi ndogo na watu wasio na mawakili waliweza kupeleka karatasi zao zikaingizwa katika mfumo. Ofisi tatu au nne za mtaa mmoja nazo zinaweza kuchangia skana moja, fundi mmoja na mahali pamoja pa kuwekea akiba, ilimradi nyaraka za kila ofisi zifungwe kwa funguo zake. Gharama ya kuchangia ni ndogo kuliko gharama ya steshenari.

YANAYOMHUSU MWANANCHI

Tuchukue mfano. Mzee amefariki Unguja, ameacha nyumba Magomeni ya Dar es Salaam na watoto sita waliotawanyika Pemba, Mombasa na Muscat. Hati ya nyumba iko kwa wakili. Zamani, mtoto wa Muscat hakujua lolote mpaka aandikiwe barua. Leo anaweza kuletewa nakala ya kila waraka siku ule unapoingia, na ndugu wote wakasoma maneno yale yale. Fitina nyingi za mirathi huzaliwa pale mmoja anapojua asilolijua mwenziwe. Katika hili kompyuta, ikitumiwa kwa uadilifu, inaweza kuwa suluhu.

Ila familia hiyo isiridhike na kauli kwamba "kila kitu kimo kwenye mfumo". Mwananchi aliyeko katika hali kama hiyo anashauriwa kumuuliza wakili wake, kwa adabu na kwa maandishi, mambo yafuatayo:

1. Hati zangu halisi ni zipi, na kila moja iko wapi leo?
2. Nipatiwe orodha ya nyaraka zote zilizomo katika jalada langu, pamoja na idadi ya kurasa.
3. Nakala ya akiba iko mbali na ofisi, au iko katika jengo lile lile?
4. Nani mwenye ruhusa ya kufungua jalada langu?
5. Wakili akifariki, akihama au akiacha kazi, jalada langu litakabidhiwa kwa nani?

Swali la tano husahauliwa sana, nalo ni zito. Kabati la marehemu hufunguliwa kwa ufunguo au kwa fundi. Kompyuta ya marehemu yenye neno la siri alilolijua peke yake huenda isifunguliwe tena. Kadhalika, kabla ya kukabidhi hati yoyote, mwananchi anaweza kuhakikisha kupitia mfumo wa e-Wakili wa Mahkama ya Tanzania kwamba anayemkabidhi ni wakili aliyesajiliwa na mwenye ruhusa ya kufanya kazi.

Maelezo haya yanahusu taratibu za Tanzania Bara. Mahkama za Zanzibar zina sheria na masjala zake, na mwenye shauri hapa aulize katika masjala ya Mahkama inayohusika. Rufaa zinazofika Mahkama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979, hutoka pande zote mbili za Muungano. Hivyo mawakili wetu nao hawana budi kuzijua taratibu za pande zote.

YANAYOMHUSU MTUMISHI WA UMMA

Wizara na mashirika huandikiana na mawakili kila siku. Mtumishi anayepokea barua ya wakili kwa barua pepe aisajili katika masjala siku ile ile, kwa tarehe na saa, kama ambavyo angeisajili ya karatasi. Isiachwe katika simu ya mkurugenzi. Barua inayotoka iwe na kumbukumbu namba, na ihifadhiwe kama ilivyotumwa, bila ya kubadilishwa baadaye. Nyaraka za zamani zenye thamani ya kudumu zisitupwe kwa hoja kwamba zimekwishaskaniwa. Ushauri utafutwe kwanza kwa wenzetu wa Nyaraka na Kumbukumbu.

HITIMISHO

Dini ilitangulia mashine katika jambo hili. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inahusu kuandika deni, kuwa na mwandishi muadilifu, na kuweka mashahidi. Kalamu imebadilika mara nyingi tangu hapo: mwanzi, wino, taipu, na sasa vibonye. Mwandishi muadilifu na shahidi hawajapata mbadala.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiambiwa kuwa jalada lako limehama, lipokee jambo hilo kwa moyo mkunjufu, kisha omba orodha. Ofisi iliyofanya kazi yake vyema itakupa orodha hiyo siku ile ile, na haitaona kuwa umeitilia shaka.